Shomoro wa Taa ya Barabarani

Kamera aliyonipa shemeji ina kichwa kigumu kama mwenyewe: ukibonyeza, inafikiri kwanza. Ndiyo maana nina picha tele za mikia, na za taa ya barabarani iliyo mbele ya saluni yangu. Shomoro walijenga kiota ndani ya kifuniko chake kilichopasuka, na kila wakiruka kabla ya picha, nawatukana.

Leo fundi umeme kapanda ngazi kubadilisha taa hiyo. Nikatoka mbio, kamera shingoni, mikono ina povu, mteja nimemwacha kwenye beseni.

"Kaka, humo mna makinda!"

"Nawasikia, dada. Nimetumwa taa."

"Subiri hata wiki moja!"

"Mtaa mzima unalalamikia giza. Nikiondoka mimi, atatumwa mwingine."

Akakitoa kiota taratibu, akakiweka kwenye ndoo yake. Mama yao alipepea palepale karibu na mikono ya fundi, hafukuziki wala haendi. Sijui kwa nini, nikainua kamera nikabonyeza. Ikafikiri weee, kama kawaida yake.

Shomoro akaisubiri. Picha imetoka safi, hadi jicho linaonekana.