Birika la Baba Asmahani

"Basi kaa na ukuta wako, tuone kama siku ya siku utakununulia godoro!"

Zuwena alisema hivyo akiwa ameshika ufagio wa chelewa kama mtu aliyeshika bakora. Mudathir, mumewe, alikuwa amepanda juu ya lundo la tofali katikati ya ua, mikono kiunoni, kama khatibu aliyefika mimbarini na kukuta waumini wanapiga soga. Hakushuka.

"Na wewe kaa na bima yako," akajibu. "Mvua zikija mwezi wa kumi na moja, uyaoneshe maji risiti. Yatasoma, yataona aibu, yatageuza kurudi Muheza."

"Yatapita hapohapo yalipopita mwaka jana na mwaka juzi."

"Ndiyo maana najenga!"

Fundi Innocent alikuwa kando, amekaa juu ya mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Alikuwa ameitwa asubuhi ile kujenga ukuta wa pili nyuma ya ukuta wa ua, upande unaotazama bondeni. Uzi alikwisha kuufunga, mchanga alikwisha kuuchekecha. Hawa wawili walianza tangu chai ya asubuhi na sasa jua lilikuwa kichwani. Yeye analipwa kwa siku. Hakuwa na haraka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuumaliza. Nyumba yao ya Pongwe waliijenga kwa mkopo wa benki, na benki haikutoa mkopo mpaka walipokata bima ya nyumba. Miaka ya mwanzo bima ilikuwa kitu kidogo, unalipa unasahau. Kisha mvua zikabadilika tabia. Zamani mvua ilinyesha kwa adabu, leo kidogo kesho kidogo, mihogo ikanywa ikashiba. Sasa mwezi mzima kunakuwa kukavu, watu wanapanda na kung'oa, halafu mbingu inafunguka siku mbili na kumwaga ya mwezi wote. Mwaka juzi maji yaliingia mpaka chumbani. Mwaka jana yakarudi, tena hayakubisha hodi. Kampuni ya bima ililipa mara ya kwanza, ikalipa mara ya pili kwa kununa, na mwaka huu wakala wao, binti mmoja mwenye heshima anayeitwa Nasma, akatuma ujumbe: bei imepanda karibu mara mbili, mwisho wa kulipa Ijumaa. Bima ikikatika, benki ina haki ya kudai mkopo wake wote kwa mkupuo. Na wote wawili walijua hawana mkupuo wowote. Wangebaki na virago barabarani.

Zuwena hakuikasirikia kampuni. Ana stashahada ya ugavi na ametunza stoo ya kiwanda cha chokaa miaka mingi. Anajua kuwa mtu anayelipia hasara za watu hana huruma wala chuki, ana hesabu. Nyumba iliyoloa mara mbili italoa ya tatu, kitu kimoja kisipobadilika. Hilo halikumpa shida. Shida ilikuwa kwamba zamu yake ya kupokea fedha za mchezo wa kina mama wa Pongwe ilikuwa imefika juzi, na fedha ile ingetosha jambo moja tu: ama bima, ama kuukamilisha ukuta, ambao Mudathir alikuwa ameununulia tofali za mwanzo tu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Mudathir alisema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

"Ukuta umeshajenga, Baba Asmahani. Sasa unataka kuujengea mwenzake asione upweke?"

Innocent akakohoa ndani ya kiganja.

"We cheka tu, fundi," Mudathir akamwambia. "Huyu hakuliona bonde siku ile. Mimi nilisimama juu ya stuli nikachungulia. Bonde lote lilikuwa bahari! Maji yale ndiyo yaliyopanda yakaingia humu. Nenda, Mama Asmahani, nenda kaangalie mwenyewe huko nje. Kaone ukuta ulivyoliwa na maji ya bondeni, kisha urudi uniambie habari za bima."

"Naenda."

"Nenda!"

"Ndo naenda!"

Akautupa ufagio, akajitanda mtandio, akatoka kwa geti. Hakuwa ametoka kuangalia ukuta. Alitoka kwa sababu angebaki angesema neno ambalo lingehitaji wazee kulitatua.

Akazunguka. Barabara ya vumbi ilishuka kutoka kwenye lami, ikapita mbele ya geti lao, ikakata kona. Nyuma ya nyumba ardhi iliinama kidogo kidogo mpaka bondeni, kwenye shamba la Imakulata. Babu yake Imakulata aliletwa kutoka kusini kukata katani enzi za mashamba makubwa, katani ikaisha, ukoo ukabaki. Imakulata analima magimbi na kufuga mabata, na hao mabata ndio chanzo cha ukuta. Zamani kati ya viwanja viwili hivi kulikuwa na ua wa michongoma. Mabata walipenya chini yake kila asubuhi, wakafanya haja zao hasa pale Mudathir anapotandika mkeka wa kusalia. Siku moja alikanyaga akiwa na udhu wake. Wiki hiyohiyo michongoma iling'olewa, ukuta wa tofali ukasimama, mzima, bila hata tundu la panya. Salamu kati ya nyumba mbili zikabaki za mbali.

Imakulata alikuwa ameinama na jembe. Udongo ulikuwa mkavu, magimbi yamekunja majani kama mikono ya ombaomba.

"Mama Asmahani! Umepotea njia?"

"Nimetumwa kutazama ukuta."

"Mwe! Tangu ujengwe mimi ndiye mtazamaji. Ungeniuliza nikuhadithie."

Zuwena alicheka bila kupenda. "Magimbi yamekuwaje haya?"

"Muulize mumeo. Tangu aninyime maji, yananililia mimi kama nina kisima mfukoni."

"Akunyime maji? Si siku ile bonde lilijaa mpaka huku?"

"Lilijaa, ndiyo. Yalinifika magotini, yalitoka kule mtoni. Kesho yake asubuhi yameondoka, nikapanda mchicha. Kwenu yalikaa siku ngapi?"

Zuwena alizikumbuka siku zile. Kwao maji yalikaa mpaka yakanuka. Walichota kwa ndoo, watoto wakachota kwa sufuria.

Akageuka kuutazama ukuta. Matope ya mwaka jana yalikuwa yameacha mstari wa rangi ya chai, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Akahesabu tofali kutoka chini. Mstari ulipita juu ya tofali la pili. Yeye ndiye aliyeusugua ukuta uleule kwa ndani, kwa brashi na sabuni ya unga, akashindwa kuutoa mstari. Kwa ndani ulikuwa juu ya tofali la nne.

Akahesabu tena, maana stoo ilimfundisha kuhesabu mara mbili kabla ya kumwita mtu mwizi.

"Imakulata. Mbona hukusema?"

"Niseme na nani? Mumeo alinijengea ukuta hata hakunipigia hodi. Mtu akikujengea ukuta, utaongea na tofali?"

Zuwena akaukaribia ukuta, akapaza sauti. "Baba Asmahani! Panda stuli yako uchungulie huku!"

Kichwa cha Mudathir kikachomoza juu ya ukuta, kofia imekaa upande. Alipomwona Imakulata akaiweka sawa. "Umeona maji yalivyoula?"

"Nimeona. Hesabu tofali kwa huko ndani. Alama iko ya ngapi?"

"Unajua mwenyewe. Ya nne."

"Sasa inama uone huku nje."

Akainama mpaka tumbo likalala juu ya ukuta, kichwa chini, miguu hewani upande wa ndani. Alikaa hivyo muda. Walisikia akihesabu chinichini.

"Labda udongo wa huku umeshuka," alisema hatimaye, sauti imebanwa na tumbo.

"Tofali nazo zimeshuka? Ukuta mmoja, tofali zilezile. Maji ya nje yalifika la pili, ya ndani yakafika la nne. Sasa niambie, nani alimwingilia nani?"

Mudathir akaishika kofia isidondoke.

"Maji yalishuka barabarani," Zuwena akasema, pole pole sasa, maana alikwisha kushinda na hakutaka kushinda zaidi ya haja. "Yakaingia kwa geti, na ya bati letu yakajazia. Zamani yalipita chini ya michongoma yakaenda kwa magimbi. Sasa yamefika hapa yamekuta umeziba. Kila Alhamisi unakwenda kusafisha birika la kutawadhia la msikitini. Mnalikaushaje?"

"Tunatoa kizibo."

"Na la kwetu kizibo chake kiko wapi?"

Mudathir akashuka kwenye stuli. Zuwena alipozunguka na kuingia ndani alimkuta amekaa juu ya lundo lake la tofali, kofia mkononi, anautazama ukuta kama mtu anayemtazama mtoto aliyemsomesha akaja kumwibia.

"Nilijenga birika," alisema. "Nikaiweka familia yangu ndani yake."

"Zuri sana, halivuji," Innocent akasema. Kisha akaona uso wa mwenye nyumba. "Samahani, mzee."

"Toboa," Zuwena akasema. "Matundu matatu makubwa, chini kabisa, upande wa bondeni. Na pale getini tuinue kizingiti, maji ya barabarani yashike mtaro. Tofali hizi zitatosha kizingiti na mfereji. Ukuta wa pili hatuuhitaji."

"Na stara?" Mudathir akainua kichwa. Hapo ndipo alipokuwa ameficha silaha yake ya mwisho. "Ukuta ni stara ya nyumba. Ninyi wanawake mnakaa humu uani vichwa wazi, mnaosha, mnasuka. Nifungue matundu watu wachungulie?"

"Mtu atakayelala kifudifudi kwenye magimbi ya Imakulata ili anichungulie, ataona nini? Vifundo vya miguu yangu. Avione. Havijapata kumpoteza mtu."

Innocent akasimama, akaenda kuangalia mchanga ambao hakukuwa na haja ya kuuangalia. Mabega yalikuwa yakimcheza.

"Na mabata?"

"Tutaweka wavu wa nondo. Nyumba ikipigwa mnada, Baba Asmahani, stara tutaitafuta wapi? Chini ya turubai?"

Hilo lilimwingia. Alikaa akizungusha kofia kidoleni. Zuwena akatoa simu, akampigia Nasma wa bima, akaweka sauti kubwa. Akaeleza kwa maneno machache, kama anavyoeleza upungufu wa bidhaa.

"Mama, sitaki nikudanganye," sauti ya binti ikasema. "Bei ya mwaka huu imeshapangwa, siwezi kuishusha. Lakini piga picha kabla na baada, unitumie. Nitaomba mkaguzi apite tena. Ya mwakani wanaipanga kwa kile alichokiona."

"Sikuomba zawadi, mwanangu. Nataka tu aje aone kuwa hapa sasa ni nyumba, si birika."

Nasma akacheka. "Aje aone. Na Ijumaa usiisahau."

"Sina haja ya kungoja Ijumaa."

Akakata simu. Mumewe alikuwa akimtazama.

"Kwa hiyo tunalipa na tunabomoa."

"Tunalipa na tunatoboa. Kubomoa ni kwa mtu aliyeshindwa."

Mudathir akavaa kofia, akaivua tena, akaiweka juu ya mfuko wa saruji ili isichafuke. Akamnyooshea Innocent mkono. "Lete nyundo."

"Mzee, hii ndiyo kazi yangu."

"Kizingiti ni kazi yako. Huu niliusimamia mimi, nikausifu mimi, mpaka msikitini. Lete."

Akachuchumaa kwenye kona ya chini kabisa, pale matope hukauka mwisho. Akasema bismillahi, akapiga. Tofali halikumjali. Akapiga tena. Zuwena alipiga picha ya kwanza, kisha akasogea kivulini na kuanza kubonyeza simu. Kila alipoingiza tarakimu alisikia kishindo, na aliposikia ujumbe wa malipo ukiingia, alisikia pia kitu kikidondoka upande wa pili. Mwanga wa bondeni ukapenya, kipande cha kijani kisichozidi yai la bata.

Mudathir akaweka nyundo chini. Badala ya kuendelea kupiga, akapiga magoti, akainamisha uso kwenye tundu mpaka kidevu kikagusa udongo.

"Hodi, jirani!" akaita.

Nje jembe likanyamaza.

"Naomba njia ya maji," akasema. "Yapite kwako kama zamani. Na nilikosa, nilijenga bila kukuambia."

Miguu ya Imakulata ikaja, ikasimama mbele ya tundu, imejaa vumbi jekundu.

"Njia ipo siku zote," akajibu kutoka juu. "Ni wewe tu hukuwa umepiga hodi. Panua kidogo, hilo halipitishi hata ngumi. Nami naanza kuchimba mfereji huku."

Mudathir akalipanua, jasho likimtoka, mpaka tofali zima likang'oka. Zuwena hakungoja matundu mengine mawili. Akachukua ndoo ya maji aliyooshea vyombo asubuhi, akaenda nayo mpaka getini kule juu, akaimwaga yote chini. Maji yakasita kwenye saruji, yakajikusanya, kisha yakaanza kuteremka, yakapita miguuni mwa Innocent, yakapita kando ya lundo la tofali, yakafika ukutani. Hayakusimama. Yakaingia kwenye tundu na kutoka.

"Yamefika!" Imakulata akapiga kelele ng'ambo. "Mwe! Yamefika kwenye magimbi!"

Bata mmoja akaingiza kichwa tunduni, akautazama ua alioukosa kwa muda mrefu, akamtazama mwenye ua.

"Fundi," Mudathir akasema, macho hayamwachi bata, "kabla ya tundu la pili, nenda kanikatie nondo."