Hodi ya Nne

Jumanne ya fungate yake, Saleha binti Mwinyijuma alikuwa ameketi kitandani kwao Moa, mwili umesingwa liwa, nguo zimefukizwa udi, mikono imejaa hina hadi viwiko. Somo yake, Bi Mboni, kungwi aliyemfunda, alimlisha uji kwa kijiko, kwa sababu bibi harusi wa fungate hashiki kazi wala hatoki nje. Alipomfuta mdomo alimsogezea kisanduku cha mbao chenye waya. Saleha akatia mikono ndani, somo akazungusha mpini wa kisanduku, na mikono ikaenda Chumbageni, mjini Tanga.

Kisanduku kilikuwa cha chuo cha ualimu. Mwaka ule wa 1955 chuo kiliwagawia visanduku wanafunzi wa mbali, hata wa Horohoro, ili wasipoteze siku njiani wakifuata taipureta za mjini. Mwili hubaki nyumbani, mikono na sauti vikaenda. Bi Mboni hakuwa na neno na waya; kilichomuudhi ni hina kutumwa kazi. Saleha alimjibu kwamba mila imemkataza kazi za nyumbani kwake, na Chumbageni si kwake.

Alikuwa na sababu. Insha yake ya mwisho ilitakiwa ipigwe chapa kabla ya Ijumaa. Bila insha hapati cheti, na bila mwalimu mwenye cheti darasa la wasichana la Moa, lililongojwa tangu yeye mwenyewe ni mtoto, halifunguliwi.

Sheria za chumba cha taipureta huko Chumbageni ziliandikwa kwa rangi ukutani. Mikono ibishe hodi na kutaja jina. Ifanye kazi za chuo tu. Jina haliazimwi. Ukimaliza, toka, mwenzio aketi. Zilikuwa sheria nzuri na hakuna aliyegombana nazo.

Tatizo lilikuwa adabu. Mtoto wa pwani hulelewa akijua kwamba hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unarudi kwenu bila kinyongo. Jumamosi mikono ya Saleha ilibisha mara tatu ikarudi, na Jumatatu vilevile. Wenzake wote walikuwa wakibisha na kurudi tangu masika, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyeketi. Waungwana watupu, na kazi zimelala.

Jumanne, baada ya hodi ya tatu, Bi Mboni alishika mpini amrudishe.

"Niache, somo," Saleha alisema. "Leo nitabisha mpaka mlango uchoke."

Akabisha hodi ya nne. Bi Mboni aliona haya, akatazama dirishani.

Mlango ulifunguliwa na Mzee Uweso, bawabu. Saleha alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaeleza kwamba alikuwa kimya kwa kukosa pa kumkaribisha mtu. Kila taipureta ilikuwa na mikono juu yake, mikono ya wakata mkonge, makovu ya miiba kila kidole. Ilikuwa ikipiga barua za biashara ya Mwalimu Hatibu, msimamizi wa chumba, yule yule aliyeandika zile sheria.

"Wote wameingia kwa jina lake, mwanangu," Mzee Uweso alisema. "Naitika jina moja kutwa. Na hawajatoka tangu masika."

Huko shambani, alieleza, wenye mikono walikuwa wakilishwa na wake zao. Mmoja wao, Ernesti, alikuwa amepata mtoto na hajampakata. Saleha, ambaye naye alikuwa akilishwa, ila kwa heshima, alikasirika hasa.

Mikono ya Ernesti ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Jina lake lilipotajwa ilisita, ikajisogeza pembeni, ikampisha. Saleha alipiga chapa siku hiyo na zilizofuata, hina ikipaka vitufe wekundu, na Alhamisi insha ikaisha. Hakutoka. Aliishika mikono ya Ernesti akaivuta hadi mlangoni.

Mzee Uweso aliuliza mikono hiyo inatoka kwa jina la nani. Saleha akasema ni kwa jina la Ernesti.

"Jina hilo halikuingia," Mzee Uweso alisema taratibu. "Siwezi kulitoa."

Saleha alivuta hata hivyo. Alivuta mpaka Bi Mboni akamkamata kiuno wakavuta pamoja, mila au si mila. Waya ulikaza, plasta ikapukutika ukutani, na mikono ya Saleha ikarudi mitupu.

Cheti kilifika. Pamoja nacho lilikuja karipio la Mwalimu Hatibu kwa matumizi mabaya ya chumba, yaani hina kwenye vitufe. Ukutani aliongeza sheria: Hodi ni tatu tu. Watu waliisifu kwamba ni ya kiungwana.

Darasa la Moa lilifunguliwa likajaa. Kila wasichana walipokwenda kwao, Mwalimu Saleha alitia mikono kisandukuni, akataja jina la Ernesti na kubisha. Alibisha ya nne, na ya tano, na zilizofuata, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kesho yake alirudia. Mzee Uweso alisikia zote, asifungue.

Mtoto wa Ernesti alianza kutembea mwaka ule. Mama yake, Bibiana, alimwambia amshike baba asianguke, naye mtoto akashika mkono mtupu wa shati.