Formule Libre ya Wenceslas

Jumamosi ile Mama Mukashyaka alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yao ya mbao, pale Majengo, akichambua maharage. Mwanawe Wenceslas alikuwa amelala chini ya gari kama kawaida, miguu tu ikionekana. Majirani walishazoea kusalimia miguu hiyo.

Gari lenyewe halikuwa la kwendea sokoni. Lilikuwa la mashindano, la enzi ambayo waundaji wa magari ya mbio hawakuwekewa sheria yoyote: tia injini kubwa upendavyo, weka bawa refu upendavyo, ukifa shauri yako. Mzungu mmoja mwenye mashamba ya kahawa alilileta zamani akaliacha, volkano ikafunika gereji yake, na wachimba mawe wakaja kulikuta ndani ya lava, limekauka kama sambaza, wale dagaa wa ziwani. Wakamwachia Wenceslas, fundi wa kuchomelea milango, kwa sababu haliliki.

Alilifufua taratibu, kwa miaka. Bawa la nyuma alilifua kwa sufuria za ndoa moja iliyovunjika. Gari lilikaa chini kiasi kwamba kuku wa mtaa walilitazama kwa dharau. Ubavuni lilikuwa na kibati cha shaba kilichoandikwa FORMULE LIBRE. Wenceslas alikisugua mpaka kikang'aa, ingawa hakujua kwamba kwa Kifaransa ni mbio zisizo na masharti. Jirani yake Kamate, mtu wa kujua kila kitu, alisema maana yake ni teksi isiyo na abiria.

Siku hiyo injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Ikanguruma, na uzio wa mbao uliotenganisha parsele ya Wenceslas na ya Kamate haukuwepo tena. Kamate naye alikuwepo, uchi, katikati ya kuoga, kopo mkononi.

"Wense," alisema Kamate, "zima kwanza nimalize sabuni."

Wenceslas akazima. Uzio ukarudi mahali pake, pamoja na soksi zilizoanikwa juu yake. Akawasha tena ili kuhakikisha.

"Wense! Sabuni iko mu macho!"

Mama Mukashyaka alikuwa ameona yote. Tangu vita iwatoe kijijini kwao Kibumba, mama huyu alitaka jambo moja tu: kulala kando ya shamba lake, ambalo mumewe amezikwa pembeni mwake. Njia ilikuwa na barieri ya askari, na shamba lilikuwa limezungushiwa seng'enge na mkubwa fulani ambaye watu walimwita Patron bila kumwona. Mama aliingiza maharage ndani, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaja akakaa kwenye kiti cha pili cha gari.

"Twende."

"Mama, wapi?"

"Uliniona navaa hivi juu ya kwenda kwa Kamate?"

Wakaenda. Walipofika kwenye barieri, kamba iliyokatiza njia ikawa haipo, na askari aliyeishika akabaki ameshika hewa. Hakuiachia hewa hiyo, maana alikuwa kazini. Aliinama, akasoma kibati polepole, herufi kwa herufi.

"Formu-laire," alimwambia mwenzake, akidhani ni fomu ya ruhusa. "Bako na formulaire."

"Ya nani?"

"Ya libre."

"Kama iko libre, bapite."

Mama akawapungia mkono kama anayetoka harusini. Nyuma yao kamba ikarudi, na watu wenye vifurushi wakaendelea kungoja pale walipokuwa wakingoja.

Kibumba ilikuwa na baridi yake ileile. Seng'enge ikatoweka walipoikaribia, na shamba likaonekana lote, viazi vimestawi mpaka kwenye kaburi la muzee. Langoni, ambapo sasa hapakuwa na lango, alisimama mlinzi Niyibizi, mtoto wa jirani yao wa zamani, ndani ya koti la mvua linaloweza kumeza wawili kama yeye.

"Mama Mukashyaka, karibu. Lakini hapa ni kwa Patron."

"Niyibizi, ulipoiba karoti nikakuchapa, ilikuwa kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Fimbo nilitoa wapi?"

"Pale, kwa ule muti." Niyibizi aliangalia viatu vyake. "Kwako kabisa, mama. Lakini sasa ni kwa Patron."

Mama alishuka, akatembea hadi kaburini, akang'oa magugu mawili matatu, akaketi. Wenceslas aliacha injini ikinguruma na kuangalia mshale wa mafuta ukishuka.

"Mama, turudi. Mafuta iko naisha."

"Zima."

"Nikizima, seng'enge inarudi. Utabakia ndani."

"Wense. Ndani ya nini?"

Wenceslas akashika ufunguo, akazima. Seng'enge ikarudi mahali pake, mama upande ule, yeye upande huu. Niyibizi hakushangaa. Aliingia kibandani, akatoka na majembe mawili.

"Mutu wa ndani ni mutumishi wa Patron," alisema kwa upole, akichagua lile lenye mpini laini. "Ni sheria, mama. Unisamehe."

Mama akapokea jembe, akaanza na mstari ulio karibu na mumewe.

Siku hizi Wenceslas humtembelea kila Jumapili baada ya misa. Askari wa barieri humdai formulaire, naye huwaonyesha kibati. Akifika Kibumba huacha injini ikinguruma, seng'enge haipo, na kila mara humwambia mama, "Njoo basi." Mama hutazama pale ambapo waya ulikuwa, hukunja kitenge chake vizuri, na kujibu, "Usichome mafuta bure, mutoto." Kisha humkabidhi viazi alivyoficha ndani ya kitenge. Wakati huo Niyibizi hugeuka kuutazama mlima.

Jumapili iliyopita Niyibizi aliwaonya kwamba Patron amesikia kuna mtu anaiba viazi shambani.

"Hata mimi nimemusikia," alisema Mama Mukashyaka. "Anaiba vikubwa vikubwa."

Wenceslas akafika Majengo na mfuko uliojaa. Kwa kuwa injini ilikuwa bado inanguruma, alimpa Kamate nusu yake bila kuzunguka. Halafu akazima, uzio ukarudi, nao wakala viazi vya wizi, kila mtu upande wake.