Fenesi la Somo la Bei

Fanueli hakuwa mtu wa kunong'ona. Kikaoni aliwaambia walimu wenzake wa biashara, chai ikiwa vinywani mwao, kwamba wanachokiita kuunganisha imani na somo ni kulivisha somo joho la kwaya tu. Wanafungua kwa sala, wanafunga kwa sala, na katikati wanafundisha kupanga bei kama anavyofundisha mtu asiyemjua Mungu wala shetani. Wazee wa kitivo wakatazamana. Mmoja akasema basi, kijana, tuoneshe.

Hapo alijitia kitanzi. Chuo hicho cha kanisa, pembezoni mwa mtaa wa Mabawa, kilikuwa kimemchukua kwa majaribio, na aliyepewa kazi ya kuja kumpima ni Dokta Praxeda, mkuu wa kitivo. Akiridhika, Fanueli angepata mkataba. Asiporidhika, njia ya kurudi kijijini Amani, milimani, kupalilia iliki za baba yake ilikuwa wazi.

Siku ya kupimwa akaingia darasani amekumbatia fenesi. Lilikuwa limeiva hasa, harufu yake imemtangulia mlangoni. Alimwamkia Dokta Praxeda shikamoo, mama akaitikia marahaba na kuketi nyuma kabisa na kalamu yake. Fanueli akaliweka fenesi mezani, akawaambia wanafunzi kwamba leo darasa ni soko, na fenesi linauzwa kwa mnada.

Alijua anachokitafuta. Kwao milimani kila Mlutheri ameukuta mnada wa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta kuku au mkungu wa ndizi, nao hunadiwa nje ya kanisa kwa vicheko. Yai moja hupandishwa hadi bei ya kuku, aliyelishinda hulirudisha linadiwe upya, na hakuna anayenuna, maana wote wanajua ile ni sadaka. Fanueli alitaka darasa lipandishe bei mpaka ipite akili, ndipo afichue kwamba fedha zinakwenda kwa wagonjwa, asome mstari wa Biblia aliouandaa, awaulize bei hupima nini. Kufichua huko alikuweka mwisho. La sivyo, alijiambia, somo litapoa.

Wanafunzi wakaanza kupandisha bei. Wengi walichoka mapema, wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Hafsa, binti wa Tongoni kule pwani, ambaye mama yake mgonjwa alikuwa halili chochote, hamu yake ni fenesi tu. Wa pili ni Godlisten, mwana wa mchungaji, aliyekuwa akipanda huku anamkonyeza mwalimu.

"Dada, rudi kwenye dagaa," Godlisten akamtania. "Hili la watu wa milimani."

"Dagaa ndio walionileta chuo," Hafsa akajibu, akapanda tena.

Akashinda. Alitoa karibu nauli yake yote, akalibeba fenesi. Godlisten akapiga makofi, akasema haya sasa, lirudishe linadiwe tena, na wenzake wa kanisani wakaitikia kwa kicheko. Hafsa akasimama katikati ya darasa, hakuelewa.

"Nilirudishe kwa nini? Nimenunua." Kisha akamgeukia Godlisten. "Kwani wewe ulilitaka?"

"Mimi? Fenesi hata sili."

Kicheko kikakatika chenyewe. Hafsa alisema polepole kwamba baba yake, mzee Idarusi, aliacha kununua samaki kwenye mnada kwa sababu ya watu wa namna hiyo, wanaopandisha bei ya kitu wasichokitaka ili mwenye shida aumie. Kwao jambo hilo ni haramu, na mtoto mdogo analijua.

Fanueli alianza kueleza kwamba kanisani kila mtu hujua.

"Mimi si wa kanisani, mwalimu," Hafsa akasema. "Wewe umeniambia hapa ni soko."

Damu ilimpanda Fanueli usoni. Bado angeweza kulifunga somo vizuri: wagonjwa, sadaka, mstari wake, na darasa lingepiga makofi. Kule nyuma kalamu ya Dokta Praxeda ilikuwa imesimama. Akamtazama yule binti na fenesi lake, akaona kwamba mstari wowote atakaousoma sasa utakuwa wa kumfunika mtu aliyedhulumiwa mbele ya macho yake, na aliyedhulumu ni yeye.

"Hafsa ana haki," akasema. "Nilijua kwamba si soko nikawaita sokoni. Mauzo haya yamevunjika."

Akamrudishia fedha zote mkononi, akamwomba radhi. Hafsa akalirudisha fenesi mezani. Fanueli akawaambia wote, safari hii waziwazi, kwamba fedha ni za wagonjwa, na asiyetaka fenesi asinyanyue mkono. Godlisten aliikalia mikono yake. Hafsa alilipata kwa bei ya gengeni, akatoka nalo kumwahi mama yake. Kengele ikalia, na swali la bei hupima nini halikuulizwa.

Wanafunzi walipotoka, Fanueli alibaki anafuta ubao usio na kitu.

"Somo ulilotuahidi kikaoni sijaliona," Dokta Praxeda akasema.

"Hukuliona, mama. Nililiua."

"Uliliua wakati makofi yalikuwa tayari kukuokoa." Akavaa miwani yake. "Mkataba nitauombea. Ila wiki ijayo ninakuja tena kukaa palepale, na kikaoni utakwenda kuwaambia wale wazee kilichotokea, wewe mwenyewe, kwa sauti ileile uliyowatukania."

Fanueli, ambaye hakuwahi kukosa neno, alisema ndiyo, mama.