Barua Chini ya Maparachichi

Jumapili ile Mwinjilisti Abdiel alihubiri dakika kumi na mbili tu, na wazee wa kanisa wakatazamana. Mtu wa dakika arobaini, leo amepatwa na nini? Mama Silantoi, ambaye habari zote za mtaa wa Sombetini hupita kwake kwanza ndipo ziende kwingine, alimwinamia jirani yake kwenye benchi.

"Huyu ana kitu," alinong'ona. "Mimi nakwambia, ana kitu."

Alikuwa nacho kweli. Kilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, ndani ya kikapu, chini ya maparachichi: barua ya kuacha kazi.

Miaka kumi na moja Abdiel alikuwa ameliongoza kanisa lile dogo la Kilutheri. Kuhubiri yeye, kufundisha watoto wa kipaimara yeye, kuzika yeye, kupatanisha majirani wanaogombea mfereji wa maji ya mvua yeye. Simu ikilia saa kumi na moja alfajiri, anavaa viatu. Sasa alikuwa amekwisha. Akisimama kuomba alijiona kama spika ya gari la matangazo: sauti inatoka, ndani hakuna mtu. Shemeji yake Brayson, kaka wa mkewe, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Engutoto na alitaka msimamizi.

"Jumatatu nipe jibu, shemeji," Brayson alimwambia. "Saruji haikupigii simu alfajiri."

Basi Abdiel akamwandikia Mchungaji Eliamini, mkuu wa usharika wao. Lakini Abdiel ni Mmeru aliyelelewa akaleleka. Kwa mchungaji huwezi kwenda mikono mitupu, tena ukiwa na habari kama hiyo. Akamwomba mkewe Elizabeth amtayarishie kikapu cha maparachichi, sababu hakusema. Elizabeth akachagua yaliyo mazuri, moja moja, akiyaminya kwa kidole gumba. Abdiel akaichomeka barua chini kabisa, akaja na kikapu kanisani ili ibada ikiisha anyooshe moja kwa moja kwa mchungaji.

Kosa lake ni kukiweka kikapu kwenye chumba kile. Kila anayeleta sadaka ya mazao huiweka humohumo: kuku, maziwa, mkungu wa ndizi. Watu wakitoka ibadani, wazee huvitoa nje vikapigwa mnada kwa faida ya kanisa. Utaratibu huo Abdiel anaujua kuliko yeyote, maana aliuanzisha yeye. Uchovu tu.

Ibada ilipokwisha, bibi mmoja alimkamata mlangoni amwombee mgongo. Abdiel akaomba. Alipofumbua macho akamwona Mzee Lesikar, mpiga mnada, amesimama juu ya kiti, kikapu kiko mkononi.

"Haya siyo maparachichi, ni siagi imevaa koti!" Lesikar alikuwa akinadi. "Nani ananipa elfu tatu?"

"Elfu tano!" Abdiel akapaza sauti kutoka mlangoni.

Kicheko kikalipuka. Tangu lini mwinjilisti akagombea mnadani? Mama Silantoi peke yake hakucheka. Alimtazama Abdiel, akakitazama kikapu.

"Elfu saba," akasema taratibu.

"Nane!"

"Kumi."

"Mama Silantoi, niachie hicho, tafadhali."

"Mnadani hakuna tafadhali, baba. Kumi na tano!"

Abdiel akapapasa mifuko. Alikuta elfu kumi na mbili na peremende moja. Lesikar akagonga kiti kwa fimbo mara tatu, na kikapu kikaondoka na bodaboda, kimepakatwa na Mama Silantoi kama mtoto mchanga.

Abdiel akafuata kwa miguu, karibu kukimbia. Lakini mtu kama yeye hakimbii Sombetini. Kwenye kona ya kwanza alisimamishwa asaini fomu ya mtoto wa shule. Kwenye ya pili, mume na mke walitaka awaamulie palepale. Kwenye ya tatu, mtu alitaka tu kujua kwa nini mahubiri yalikuwa mafupi. Alipofika, Mama Silantoi alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, barua gotini, miwani puani.

"Umeisoma," alisema Abdiel.

"Haikuwa na gundi."

"Umemwambia nani?"

"Mimi? Mtu wa siri kama mimi? Sijamwambia mtu." Akafikiri kidogo. "Lesikar tu. Na mwenye genge la mboga, kwa sababu alikuwa anapita. Haya, twende kwako."

Kwa Abdiel, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka vingine vimepanda juu ya vingine. Sebuleni watu wamebanana kwenye makochi na mikeka, na Elizabeth anamimina chai bila kumtazama mumewe.

"Nimeminya maparachichi asubuhi nzima," alisema, "kumbe nasindikiza barua. Mimi nilale na wewe kitanda kimoja, nisikie habari zako kwa mwenye genge?"

Abdiel akatafuta nafasi mkekani. Akakaa.

"Ni kosa letu," Mzee Lesikar akaanza. "Mimi Jumanne nilimwita aje kuniombea ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe alikuwa mzima, nilitaka tu mtu wa kuzungumza naye."

"Mimi Alhamisi alfajiri," akasema mwingine. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayemsumbua!"

"Kumbe wote tulijidhania peke yetu!" Wakacheka, kila mmoja akataja siku yake, na zilipojumlishwa zikaizidi wiki.

Abdiel naye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ndugu zangu, siyo kazi tu. Neno limeniishia. Nikisimama mbele yenu sina cha kuwapa. Mtu asiye na neno anafanya nini madhabahuni?"

Mama Silantoi akavua miwani.

"Msiba wa mama yangu unaukumbuka?"

Abdiel aliinamisha kichwa. Aliukumbuka kwa aibu. Aliingia, akamwona akilia chini, na kila neno alilokuwa ameliandaa likampotea. Akaenda kujificha jikoni kwa wanawake.

"Wahubiri wanne walikuja," alisema Mama Silantoi. "Siku hizo sikanyagi kanisani, nawasema tu. Wote walinihubiria. Sikumbuki hata neno moja. Wewe ulikaa jikoni ukamenya ndizi za msiba mpaka saa kumi jioni. Tena ulimenya vibaya, mwanaume wa Kimeru mzima, ukajikata kidole! Nikasema, kanisa la huyu ndilo nitakwenda. Ulidhani nilifuata mahubiri yako? Dakika arobaini!"

Kicheko kikaitikisa nyumba. Abdiel alitazama kidole chake, kovu lile jembamba. Miaka mitano alilihesabu kovu la kushindwa. Macho yakamlowa, akaomba chai ili apate cha kushika.

"Basi leteni kalamu," Mama Silantoi akaamuru. "Wagonjwa, Lesikar, kwa sababu unapenda kuongea. Majirani wanaogombana, mimi, kesi zote nazijua. Jumatatu mwinjilisti haguswi." Akaipindua barua, akaandika zamu zote mgongoni mwake. Zikabandikwa mlangoni pa kanisa, maneno ya kuacha kazi yakiwa yamegeukia ubao wa mlango.

Jumatatu Abdiel aliamka saa tatu. Nje ya dirisha Mama Silantoi alikuwa ameshaketi getini kwenye kigoda chake.

"Mwinjilisti yupo?" mtu akauliza.

"Yupo, ila kwako hayupo. Kaa hapa uniambie mimi, anza mwanzo."

Elizabeth alikuwa jikoni na mkungu mbele yake. Abdiel akachukua kisu, akaketi kando yake, akaanza kumenya. Vibaya vilevile. Elizabeth akamsogezea beseni, bega lake likabaki limegusa la mumewe. Katikati ya ndizi ya tatu Abdiel akajikuta anaomba, kimyakimya, na mara hii ndani kulikuwa na mtu.

Kisha akanawa mikono, akampigia Brayson.

"Shemeji, kuhusu lile jibu..."

"Nimeshasikia," alisema Brayson. "Tangu jana saa kumi na moja jioni, Engutoto nzima inajua unabaki. Vipi, hayo maparachichi yamebaki?"