Ng'ambo ya Gogo

"Usivuke," Kamili alimwambia mchumba wake, lakini Febronia alikuwa ameshainua mguu.

Gogo lile lilikuwa mpaka. Ng'ambo yake waliishi vijana wenye ukoma, waliofukuzwa vijijini kote Bukombe. Kila mchana Febronia, mpishi wa misheni, aliweka kapu la chakula juu ya gogo akarudi nyuma, ndipo wakaja kulichukua. Mwaka ule wa 1934 walizidi kutoroka. Bwana mganga wa serikali akaamua kuizungushia kambi miiba na kuweka askari. Padri akamsihi angoje hadi Jumapili, kwanza waulizwe wenyewe kwa nini wanakimbia. Kazi ya kuuliza akapewa Febronia, kwa kuwa alikuwa rika lao na Kisumbwa, lugha yao, ndicho alichonyonya.

Wiki nzima aliwauliza akiwa upande wake wa gogo, nao wakamtazama tu. Nani amjibu mtu anayepaza sauti kwa mbali kama anafukuza ndege shambani? Sasa ilikuwa Jumamosi, na miiba ilikwisha kukatwa, imelundikwa njiani.

Jilala, mkubwa wao, alikuwa ametenga ugali na mlenda. "Unataka habari zetu, dada," alisema. "Njoo tule kwanza. Kisha uliza."

Febronia aliogopa, tena sana. Ugonjwa ulimtisha, lakini zaidi alimwogopa mama yake Kamili, aliyekwisha kuapa kwamba mkono uliogusa bakuli la wakoma hautasonga ugali nyumbani kwake. Na ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani.

"Mdanganye Padri," Kamili alinong'ona. "Sema wanakumbuka kwao tu. Nani atajua?"

Neno hilo lilimuudhi kuliko lile katazo. Akavuka.

Msichana mmoja, Mbuke, alimmiminia maji ya kunawa, kibuyu amekibana kwa viganja visivyo na vidole. Febronia akaketi, akamega tonge, akachovya. Akaumeza ugali alioupika mwenyewe. Wote walikuwa wakimtazama koo.

Mbuke alisema kabla hajaulizwa. "Mama hunipikia nyuma ya zizi, baba akilala. Tunakula bakuli moja. Ndiko ninakokimbilia."

Nyuma yao hatua za Kamili ziliondoka, polepole, kisha haraka. Febronia alizisikia mpaka zilipopotea. Akamsogelea Mbuke, magoti yakagusana, akamuuliza mama yake anaitwa nani.