Mashariki ya Kibanda cha Mumbe

Saa sita na nusu mchana Tsofa alifunika taipureta, akamaliza muhogo wake, akahamia kwenye kompyuta pekee ya ofisi ya uchapaji ya Mbuvi, karibu na Kona ya Musa. Ilikuwa mwaka 1998. Tsofa alikuwa na miaka sitini na miwili, na Kiingereza alikisoma katika madarasa ya ngumbaru, miaka minne bila kukosa hata siku moja.

Mchezo alioupenda haukuwa na picha. Ulikuwa maandishi matupu. Watu wa nchi mbalimbali waliingia kupitia waya wa simu, kila mmoja akaeleza mahali, na wenzake wakapita humo kwa kuandika "kaskazini" au "mashariki". Tsofa alieleza njia ya Diani aliyoipita tangu utotoni: kutoka kibanda cha chai cha Mumbe, mashariki, hatua mia tatu, mti wa mkanju ulioinama, kisha bahari. Ukuta wa hoteli mpya, ulioikata njia hiyo, hakuuandika. Hakuwahi kuuhesabu kuwa sehemu ya njia.

Dada yake, Mwinga, alichokoa pweza miambani maji yakitoka. Tangu ukuta ujengwe alizunguka mwendo wa saa nzima, akafika maji yanajaa. Wajukuu zake walikuwa wakila ugali kwa chumvi. Tsofa alimsomea ile njia, akitafsiri sentensi moja moja.

Kesho yake Mwinga alielekea mashariki na kufika baharini kwa hatua mia tatu. Ukuta ulikuwapo, mweupe, umepandwa vipande vya chupa juu. Alipita. Charo, mlinzi wa hoteli, alimwambia, "Shikamoo, mama," akaendelea kunywa chai.

Katika mchezo, mwanamke mmoja wa Ufini aliongeza benchi chini ya mkanju. Mwinga alilikuta pale, lina ubaridi kidogo, akakaa.

Mwaka uliofuata Mbuvi alileta mchezo wa picha.

"Mzee, hii yako ya maneno imezeeka, bwana. Watu wanataka kuona."

"Kuona nini?"

"Kila kitu!"

Mbuvi alikwenda kuipiga picha ile njia, akaiingiza katika mchezo wake. Picha ilitoka safi, ukuta ukiwamo. Kesho yake asubuhi Mwinga alirudi na ndoo iliyobonyea na nundu kwenye paji la uso.

"Kaka, nani ameutia ukuta?"

"Mbuvi. Kwa picha."

"Mwambie autoe. Hii ni bamvua, maji yatatoka mbali kesho na keshokutwa tu. Na paji la uso ninalo hili moja."

Mbuvi alimwomba radhi na kuifuta ile picha. Yule wa Ufini, aliyekuwa amekwenda kuutazama mchezo mpya, alirudi kwenye maandishi siku hiyohiyo. Alisema kule kwenye picha hakuona pa kukaa.

Tsofa alikuwa pia ameiandikia ofisi ya ardhi kuhusu ukuta, nakala tatu, kwa taipureta. Jibu lilikuja: faili linashughulikiwa. Mwezi huohuo hoteli iliongeza mistari mitatu ya matofali juu ya ukuta. Mwinga aliwasikia mafundi wakigonga, yeye amekaa kwenye benchi, ndoo imejaa pweza.

"Mkanju unapukutika," alimwambia kaka yake jioni. "Yule mzungu wako hakufikiria jua."

Kesho yake, saa sita na nusu, Tsofa alifunika taipureta, akahamia kwenye kompyuta, akaandika kivuli.